Nauli ya Mtu Mzima Mmoja

Vijana wa dirisha la maulizo, mmeniandikia mkitaka niwaeleze tulivyokuwa tukiwajibu wateja enzi za Ujamaa, kabla kompyuta hazijaingia. Nitawaeleza. Ila nasikia mna mpango wa kutundika picha yangu ukutani, pamoja na wastaafu wengine, kama mfano wa kuigwa. Subirini kwanza mfike mwisho wa barua hii, halafu mtaamua wenyewe kama msumari wenu unastahili kazi hiyo.

Nilikaa dirisha la maulizo miaka kumi na tisa, katika tawi letu la benki karibu na Mnazi Mmoja, katikati ya ofisi za eneo la Posta na maduka ya Kariakoo. Upande mmoja walitujia wakubwa wa ofisini na Kaunda suti zao, upande wa pili wakatujia wenye maduka wakinukia sabuni, mafuta ya taa na nguo mpya. Wote tuliwaita ndugu, ndivyo ilivyotakiwa wakati ule. Lakini ndugu aliyekasirika anapiga meza vilevile kama bwana mkubwa.

Wengi waliletwa na taarifa ya akaunti. Ninyi siku hizi mteja akilipa soda tu simu yake inalia. Wakati wetu taarifa ilipigwa taipu, ikatiwa kwenye bahasha, ikaenda sanduku la posta, na mwenyewe akaifungua mwezi umekwisha na kusahaulika. Kila mstari ulikuwa na tarehe, herufi chache na kiasi. Basi. Hapo mtu anakaa nyumbani na mkewe wanakodolea macho herufi hizo mpaka wagombane, kisha kesho yake anakuja kwangu.

Mistari iliyowachanganya kuliko yote ilikuwa ya ndege. Ndege ilikuwa na jina lake, lakini tiketi iliuzwa na wakala mwenye kiofisi chake huko Posta, na kwenye taarifa likatokea jina la wakala, tena limekatwa katikati kwa sababu nafasi haikutosha. Mteja anasema simjui mtu huyu. Kweli hamjui, alichojua yeye ni ndege. Halafu tarehe. Mtu amesafiri mwanzoni mwa mwezi, wakala amekusanya bili zake na kuzileta mwisho wa mwezi, sisi tumeziingiza wiki iliyofuata. Sasa taarifa inaonyesha alisafiri siku ambayo yeye anakumbuka vizuri alikuwa harusini Temeke. Nasikia hata leo, na kadi zenu hizo za plastiki, mambo ni yaleyale: jina si lile, tarehe si ile, na kiasi kimegawanyika vipande vipande, hiki cha kiti, hiki cha begi. Msiwacheke wateja wanaochanganyikiwa. Hesabu ya ndege imeumbwa kuchanganya.

Nakumbuka daktari mmoja aliyeapa kwamba hajapanda ndege mwaka mzima. Alinyoosha kidole akasema benki imejaa wezi. Tulipoitoa karatasi tukakuta kweli hakupanda yeye. Aliyepanda ni mama mkwe wake kutoka Bukoba, na mikungu mitatu ya ndizi, na uzito uliozidi ulilipiwa kwa akaunti ya mkwe aliyekwenda kumpokea. Daktari alisoma, akauliza kama kuna uwezekano wa kurudisha ndizi. Tulizokuwa nazo siku hizo ni taabu nyingi, lakini kicheko hakikuwa bidhaa ya foleni.

Karatasi hiyo iliyotuokoa tuliiita vocha. Najua ninyi mkisikia vocha mnafikiria muda wa maongezi. Kwetu vocha ilikuwa ile karatasi yenyewe ya malipo, na nyuma yake imebanwa bili ya wakala inayosema nani amesafiri, kutoka wapi kwenda wapi. Vocha zote zilikaa stoo ya chini, zimefungwa kwa kamba za katani siku kwa siku. Chini kulikuwa na joto, vumbi na mende wenye adabu mbaya. Ukiomba vocha ulijaza fomu, mtunza stoo akaitafuta, na ilichukua siku mbili, pengine nne. Kwa hiyo makarani wengi tulikuwa na desturi ya kumjibu mteja palepale kwa kutazama mstari wa kwenye leja, ili foleni iende.

Mkuu wangu, Bwana Harshad, aliichukia desturi hiyo. Alikuwa Mhindu, mzaliwa wa mtaa wa Kisutu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu mimi niliyezaliwa Magomeni. Alikula chakula chake bila nyama kwenye kikopo cha ghorofa tatu, na hakuwahi kupandisha sauti. Siku yangu ya kwanza alinionyesha leja, akanionyesha ngazi ya kwenda stoo, akaniambia, "Dada, hapa utaona kiasi tu. Sababu iko kwenye karatasi, na karatasi iko chini. Teremka."

Nilimheshimu sana, na sikuteremka.

Sababu ni kwamba nilikuwa na kipaji, na kipaji ndicho kilichoniponza. Nilizijua nauli zote kwa kichwa. Dar kwenda Mwanza, Dar kwenda Tanga, Dar kwenda Kilimanjaro, kwenda tu au kwenda na kurudi, mtu mzima au mtoto. Wakati wa chai wenzangu walinitajia kiasi, nami nikataja safari. Waliniita Bibi Nauli, na nilijidai nalo jina hilo kama kitenge kipya. Mteja akija na mstari wa ndege sikuhitaji karatasi. Nilitazama kiasi, nikamwambia alikokwenda. Mara nyingi nilipatia. Ningekosea mapema, hata mara mbili tatu kwa mambo madogo, huenda ningejirekebisha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niikubali kazi hii ya kuwaandikia.

Ijumaa moja, masika ikielekea kuisha, alikuja Mzee Elifuraha. Alikuwa Mchaga, mtu wa kanisani, ana duka la misumari, rangi na mabati kule Kariakoo, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Duka lilikuwa lake na la mdogo wake, Aminiel, na akaunti ilikuwa yao wote wawili. Yeyote angeweza kutia sahihi. Mara mojamoja mmoja wao alipanda ndege kwenda kaskazini kufuatilia kibali cha mabati, ndiyo maana wakala wa tiketi aliwaamini na kutuletea bili moja kwa moja.

Alivua kofia, akaweka taarifa mbele yangu, akaniuliza mstari ule ni wa nini. Yeye hakusafiri mwezi ule, na Aminiel hakukosekana dukani hata siku moja. Aliuliza kwa upole, wala hakuwa na shari.

Sikuchukua hata dakika. Nilimwambia ni tiketi ya ndege, Dar mpaka Kilimanjaro, kwenda bila kurudi. Niliona macho yake yanabadilika, nami badala ya kunyamaza nikaongeza, bila kuulizwa, kwa sababu watu wa nyuma kwenye foleni walikuwa wakinisikiliza: "Na si mtoto, mzee. Mtoto hulipa nusu. Huyu amelipa nauli kamili, ni mtu mzima mmoja."

Akairudia polepole, mtu mzima mmoja. Akanishukuru, akavaa kofia, akatoka. Mtu aliyemfuata kwenye foleni akaniambia, dada wewe ni hatari, nami nikacheka.

Wakati wa chai Bwana Harshad aliniuliza kama nimeiomba vocha ya yule mzee. Nikasema haikuwa na haja. Hakunigombeza. Alisogeza fomu mezani mpaka ikagusa kikombe changu, nami nikaijaza ili kumridhisha.

Vocha ilipanda Jumatatu, saa nne asubuhi. Bili ya wakala ilikuwa imebanwa nyuma, na nyuma ya bili kulikuwa na fomu ambayo sikuwahi kuiona, ile ya watoto wanaosafiri bila mkubwa. Watoto wawili. Upendo, miaka minane, na Baraka, miaka sita. Nusu nauli na nusu nauli. Aliyewafikisha uwanjani: Aminiel, mjomba wao. Atakayewapokea: bibi yao. Mzazi: Ndeshi, na mbele ya jina lake karani wa wakala alikuwa ameandika kwa kalamu, mama amelazwa hospitali.

Nusu mbili hufanya moja. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hivyo. Mimi Bibi Nauli sikulifikiria.

Na si hilo tu. Mwezi ule mimi mwenyewe nilikuwa navuka bonde la Jangwani kila asubuhi viatu mkononi, maji mpaka magotini. Mabasi ya kwenda bara yalikaa siku nyingi bila kuondoka kwa sababu ya maji. Mtu yeyote aliyekuwa Dar masika ile angejiuliza nani hasa anapanda ndege wakati huo, na kwa shida gani. Nilikuwa na jibu kwenye matope ya miguu yangu, nikaenda kulitafuta kwenye bei.

Nilijua cha kufanya. Dakika kumi tu, nivuke barabara, niingie mitaa ya Kariakoo, nimwambie mzee nimekosea. Nitawaambia kwa nini sikwenda, na msinitafutie udhuru. Jumatatu nilisema foleni ni ndefu. Kosa la kumjibu mteja vibaya liliandikwa kwenye fomu na kupelekwa kwa meneja, na mimi nilikuwa nasubiri barua ya kupandishwa cheo. Jumanne nikasema nitafute kwanza namna ya kulisema. Jumatano jioni nilikuwa nimekwishabeba mkoba, nikasikia sukari imefika duka la ushirika, nikaenda kupanga mstari wa sukari. Nikapata kilo moja. Alhamisi sikumbuki kabisa nilifanya nini, na hilo huniudhi kuliko mengine yote. Niliiweka ile vocha kwenye droo, kila nikifungua droo naigeuza chini juu.

Ijumaa saa ya chakula nikatoka. Nikakuta milango ya duka imefungwa. Fundi cherehani aliyekaa barazani pembeni akaniambia akina Mangi, ndivyo mtaa ulivyowaita ndugu hao wawili, wana msiba, wamefiwa na dada yao hapa mjini, wanamsafirisha kwenda kumzika nyumbani, Kilimanjaro. Nikamuuliza dada yupi, nikijua. Akasema, "Anaitwa Ndeshi. Sisi tulikuwa hatujui hata kama wana dada."

Nilirudi kazini. Nilihudumia watu mpaka saa za kufunga, na wala hakuna aliyeona kitu.

Duka lilifunguliwa baada ya wiki tatu. Nilikwenda siku hiyohiyo, vocha imo kwenye mkoba, jambo ambalo lilikatazwa kabisa. Mzee Elifuraha alikuwa nyuma ya kaunta, amekonda. Aminiel alikuwa akipanga makopo ya rangi. Nikawapa pole ya msiba. Kisha nikatoa karatasi, nikaiweka kaunta, nikasema nimekuja kusahihisha maneno yangu.

Mzee aliisoma yote, mpaka majina ya wale watoto. Akanitolea kigoda nikae. Ningependa angenifukuza.

Ndipo nikasikia kilichotokea. Ndeshi alikuwa mdogo wao wa mwisho. Miaka mingi nyuma aliolewa bila ridhaa ya kaka mkubwa, naye mzee akaapa jina lake lisitajwe mbele yake. Mume alimwacha, Ndeshi akabaki mjini na watoto, na Aminiel akawa anamsaidia kwa siri. Alipolazwa, na barabara zimekatika, Aminiel akawapeleka watoto kwa bibi yao kwa ndege, kwa akaunti ya duka, akisema atamweleza kaka yake siku atakayompata moyo umelainika. Siku hiyo haikufika. Iliyofika ni Ijumaa ile, mzee aliporudi kutoka benki.

"Alinieleza kila kitu," mzee alisema. "Kwamba Ndeshi anaumwa, kwamba ananiulizia, kwamba tiketi ni ya watoto wake. Aliniambia, kaka, twende hospitali sasa hivi. Mimi nikamwambia, acha kumtumia dada yako kufunika mwanamke wako. Benki wamesema si mtoto. Ni mtu mzima mmoja."

Alimfukuza dukani siku hiyo. Jioni ya Jumamosi Aminiel alirudi kumsihi, mzee akamfungia mlango. Alhamisi alfajiri Ndeshi akafariki, kaka mkubwa hajatia mguu hospitali. Wale watoto alikwenda kuwaona kwa macho yake nyumbani kwa bibi yao, siku ya mazishi, na hapo ndipo alipoamini.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chao, mikono magotini. Mzee akaigusa vocha kwa kidole.

"Hii karatasi mliipata lini, dada?"

Hakuuliza kwa kunishitaki. Nadhani alitaka kupima tu uzito wa mzigo wake, ajue kama kulikuwa na njia nyingine. Na mimi nikapata nafasi ya kuubeba pamoja naye. Nikasema, "Ijumaa, mzee. Nilikuja hapa siku hiyohiyo nikakuta pamefungwa."

Fundi cherehani akadakia kutoka barazani kwamba ni kweli, dada alikuja, yeye mwenyewe alimwona. Uongo hauna mlezi mzuri kama ukweli nusu.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema basi isingesaidia kitu, alikuwa amekwishafariki. Akasema nisijisumbue, mimi nilifanya kazi yangu, aliyekataa kumsikiliza ndugu yake ni yeye. Akamwambia Aminiel anishukuru kwa kuacha kazi yangu mara mbili kuja kuwatafuta.

Aminiel akaja, akapangusa rangi mikononi, akaichukua vocha aitazame. Akaisoma mbele, kisha akaigeuza. Kila vocha iliyotolewa stoo ilipigwa mhuri wa tarehe nyuma. Nilikuwa nimeusahau mhuri. Aliutazama kwa muda ambao mtu huhitaji kuhesabu siku kurudi nyuma. Kisha akanitazama mimi, kisha kaka yake, ambaye alikuwa ameinama anatafuta soda ya kunikaribisha.

Ningejua la kufanya kama angepiga kelele. Aliikunja karatasi mara mbili, mhuri ukawa ndani, akanirudishia mkononi. "Asante, dada," alisema. "Kaka, tumwache arudi kazini."

Nilifikiri alinisitiri mimi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alimsitiri kaka yake, asije akajua zilikuwapo siku tatu nzima ambazo angeweza kwenda.

Barua ya cheo ilikuja mwezi uliofuata. Bwana Harshad alinipa mkono wa hongera na hakuniuliza lolote kuhusu ile vocha; nami tangu hapo niliteremka stoo kwa kila mstari, hata wa shilingi mbili, mpaka makarani wapya wakasema mama huyu haamini hata macho yake. Walisema kweli. Jina la Bibi Nauli niliwakataza, nikawaambia nimezeeka, nimesahau nauli.

Mzee Elifuraha aliendelea kuja kwangu mpaka uzee ukamrudisha nyumbani, na kila alipokuja aliulizia wanangu. Aminiel naye alikuja benki kila Ijumaa, miaka kumi na moja. Alinisalimu kwa heshima kutoka mlangoni. Kisha, hata dirisha langu likiwa tupu na mimi nimekaa namtazama, alikwenda kupanga foleni kwenye dirisha la mwenzangu.